Kompyuta ilipojifunza kuchonga

Ngalawa ya mvuvi wa Kigombe au Moa, pwani ya Tanga, huanza kama gogo la mwembe. Fundi hulichonga nje kwa shoka, akaligeuza, akalifukua ndani kwa tezo mpaka ubaki ukuta mwembamba, kisha akatia matengo ili chombo kisipinduke. Mchoro hana. Ukimuuliza vipimo, atakupimia kwa mkono wake mwenyewe. Jahazi lina njia nyingine: mkuku hulazwa kwanza, na kwa desturi ya zamani ya Bahari ya Hindi mbao za ubavu hutangulia, mataruma yakafuata kwa ndani.

Kufukua kitu kizima, au kuunganisha nyuso mpaka zifunge ganda: wahandisi walipotaka kompyuta ielewe umbo la kitu, nao waliishia kwenye njia hizo hizo mbili.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga na kuiamuru mashine inyooshe mistari. Ilistaajabisha, lakini mistari ilibaki mistari. Chora sanduku lililotobolewa tundu la mraba, kingo zake tu, kama limeundwa kwa waya. Tundu linapita mbele kwenda nyuma, kulia kwenda kushoto, au juu kwenda chini? Mchoro mmoja unaweza kukubali majibu yote matatu. Mtu atakisia. Mashine inayotakiwa kukokotoa uzito wa chuma au kuongoza kisu cha kukikata haina ruhusa ya kukisia.

Mwaka 1973 majibu mawili ya tatizo hilo yaliwasilishwa Budapest, Hungaria. Ian Braid wa Cambridge alikuja na BUILD, iliyotunza nyuso, kingo na pembe zilizofunga kitu. Hiyo ni akili ya jahazi. Wajapani wa Hokkaido wakiongozwa na Norio Okino walikuja na TIPS, iliyojumlisha na kutoa maumbo. Hiyo ni ngalawa. Huko Rochester, Marekani, Herbert Voelcker na Aristides Requicha wakaiwekea kazi hii misingi ya hisabati: toa mcheduara kwenye mchemraba upate tundu, ila kinachobaki lazima kiwe kitu kamili, kisiache uso unaoning'inia hewani.

Na mikunjo? Hapo deni la vyombo vya baharini ni la wazi kabisa. Katika karakana za meli za Ulaya mafundi walikunja ufito mwembamba wa mbao, wakaushikilia kwa vizito vya risasi, wakafuatisha mkunjo wake kwa kalamu. Isaac Schoenberg aliuandikia ufito ule hisabati mwaka 1946. Ndugu wa hisabati hiyo ndio wanaochora bodi za magari hadi leo.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Mwaka huo huo wa 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi. Mwaka uliofuata serikali, iliyokwisha kuungua vidole kwa mfumo wa hesabu wa kompyuta pale Wizara ya Fedha, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo likadumu hadi miaka ya 1990. Wengi hulicheka. Mimi silicheki sana, maana mashine za kazi hii wakati ule zilikuwa za viwanda vya ndege na magari. Tanga zisingefika hata kwa ruhusa. Hasara ilikuja baadaye. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, ikitumia kompyuta ndogo za mezani, wanafunzi wetu walikuwa bado na rula ya T na penseli.

Leo Chongoleani, ng'ambo ya ghuba ya Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Mitambo ya aina ile hujengwa kwanza ndani ya kompyuta, ili bomba lisije likagongana na nguzo wakati mafundi wameshapanda jukwaani. Hapo hata mimi sina ubishi.

Lakini umbo la kompyuta la akina Requicha huhesabu kitu kuwa sawa ndani kote. Mti hauko hivyo. Fundi wa jahazi anayetafuta taruma huzunguka porini akitazama matawi yaliyojipinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa chombo. Akilikata taruma hilo hilo kwenye ubao ulionyooka, umbo litakuwa lile lile kwa kila kipimo, nalo litapasuka kwenye wimbi.