Kihenge na Barabara: Akiba ya Dharura katika Nyanda za Buha

Neno akiba lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni mwisho wa jambo na yale yatokayo baada yake. Busunzu, huko nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo na Kasulu, i mbali na bandari lilikoshukia neno hilo. Hata hivyo, historia ya nchi ile yaweza kusomwa kwa swali moja tu: ni nani mwenye haki ya kuweka akiba, na aiweke wapi?

Kabla ya utawala wa kigeni Buha ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Muhambwe, Buyungu na Heru, kila mmoja na mwami wake. Waha hawakuishi kwa msongamano. Kila kaya ilikaa mgongoni mwa kilima chake, imezungukwa na migomba, maharage na mtama, na kihenge cha nafaka karibu na nyumba. Mpita njia aliweza kudhani kwamba watu wale hawapendani. Lakini utawanyiko ule ulikuwa ni kinga: maradhi au wadudu waliovamia kilima kimoja hawakukikuta kilima cha pili mlangoni, na ndugu aliyesalimika alikuwa na cha kumgawia aliyepatwa.

Mwaka 1933 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa ajili ya malale. Insafu yataka isemwe kwamba ugonjwa haukuwa kisingizio. Malale huua asiyetibiwa, na mbung'o anayeyaeneza hukosa makao pale vichaka vinapofyekwa na watu wengi kwa mara moja. Tatizo ni kwamba mgomba hauhamishiki. Ndizi zilizopandwa na baba zikamlisha mjukuu ziliachwa porini, na kaya iliyookolewa na ugonjwa ikaanza maisha bila akiba yake ya miaka.

Pengo hilo lilizibwa na muhogo, zao ambalo wakoloni walilihimiza, na mara nyingi kulilazimisha, kama kinga ya njaa. Hapa amri iliangukia juu ya hekima. Muhogo hukaa ardhini mwaka, hata miwili, bila kuhitaji ghala. Nzige hula majani lakini mzizi hubaki. Na ukishalowekwa na kukaushwa kuwa makopa, husubiri msimu mbaya. Lakini akiba hii ina sharti lake. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hutolewa kwa subira: kuloweka, kuanika, kungoja. Njaa ndiyo adui wa subira. Baada ya ukame wa mwaka 1985, huko Tarime mkoani Mara, watu walifupisha maandalizi, wakaula kabla ya wakati, na wengi, khasa watoto na wanawake, wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao hauponi. Kwa hiyo maarifa ya mwanamke mwenye kuloweka nayo ni sehemu ya akiba, ijapokuwa hakuna afisa aliyeyahesabu.

Wanaume nao waligeuzwa akiba ya wengine. Ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwachukua Waha kwa wingi kwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu wakahamishiwa tena vijijini, mara hii kando ya barabara, ili shule, maji na zahanati ziwafikie. Miaka miwili baadaye, ukame ulipolibana taifa na nafaka ikaagizwa kutoka nje, ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Jina zuri kwa mshairi, zito kwa mkulima aliyekuwa ndiyo kwanza amesimamisha nguzo za nyumba mpya, na shamba lake la zamani liko mwendo wa saa kadhaa.

Mtihani mkubwa haukutoka mbinguni wala serikalini. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi kwa maelfu walivuka mpaka. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu. Aliyekuja aliomba chakula kwa lugha ambayo mwenyeji aliielewa bila mkalimani. Kabla malori ya mashirika hayajafika, waliokuja walilishwa na mashamba ya wenyeji. Kisha zikafunguliwa kambi za Kibondo na Kasulu, Mtendeli, Nduta, Nyarugusu na nyinginezo, na mwaka 1997 jeshi likawakusanya na kuwapeleka kambini hata Warundi waliokwisha kukaa vijijini miaka mingi, wakalima, wakaoa na kuolewa. Majirani wakaondolewa kwa jina la usalama, na kila kaya iliyobaki ikapungukiwa na mikono iliyokuwa ikisaidiana nayo.

Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015, Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria mpya ya usimamizi wa maafa. Na katika vilima vya Busunzu, muhogo ungali ukilowekwa siku zake zote.