Kadi za Hariri za Vita Vikuu vya Kwanza

Majeshi ya Uingereza yalipovuka bahari mwezi wa Agosti 1914 kwenda Ufaransa, na baada ya miezi michache yakajikuta yamekwama katika mahandaki yaliyoenea tangu pwani ya Bahari ya Kaskazini hata mpaka wa Uswisi, ilistawi nyuma ya mahandaki hayo biashara ndogo ambayo wanahistoria wa vita, waliozoea kuhesabu mizinga na maiti, aghalabu huipita bila ya kuitupia jicho: biashara ya kadi za salamu zilizodariziwa kwa nyuzi za hariri. Vita havikuizaa biashara hiyo, kwani kadi za namna hii zilikwisha kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900; lakini vita ndivyo vilivyoiletea wateja kwa maelfu, vijana waliokuwa mbali na kwao, wenye fedha kidogo mfukoni na hofu nyingi moyoni.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Kwenye utepe mrefu wa hariri nyembamba, nyepesi hata nuru hupenya, nakshi moja ilirudiwa mara nyingi kwa safu: maua, bendera za dola zilizofungamana, nembo za vikosi, tarakimu za mwaka, na maneno machache ya Kiingereza ya kumsalimu mama, mchumba au mtoto, au ya kutakiana heri ya Krismasi. Nyingine zilishonwa mfano wa kifuko, ndani yake kikatiwa kikadi kidogo zaidi chenye salamu. Tepe zilizokwisha zilipelekwa mjini, hasa Paris, zikakatwa vipande, na kila kipande kikagandishwa juu ya karatasi ngumu yenye fremu iliyotiwa nakshi. Aliyewaona wanawake wa Unguja wakidarizi kofia, tundu baada ya tundu, hana haja ya kuelezwa ni subira ya kiasi gani iliyotakikana.

Ni nani waliodarizi? Kwa kauli iliyoenea, ni raia wa Ufaransa na Ubelgiji, wengi wao wanawake, waliofanya kazi hiyo majumbani mwao, na kadhalika wakimbizi wa Kibelgiji waliopata hifadhi Uingereza. Waume walikuwa wamekwenda vitani. Serikali ya Ufaransa, kwa sheria ya Agosti 1914, ilimpa mke mhitaji wa askari faranga 1.25 kwa siku, na nusu faranga kwa kila mtoto, ilhali bei ya vitu ilizidi kupanda na sehemu kubwa ya viwanda vya nguo vya kaskazini ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wasomaji wa leo hupenda kuona mahaba katika kila mshono. Mimi naona mkate. Mdarizi hakumjua huyo mama aliyemwandikia kwa sindano, na pengine hata lugha ya maneno aliyoyashona hakuielewa.

Mnunuzi naye hakuwa tajiri. Askari wa daraja ya chini wa Uingereza alianzia mshahara wa shilingi 1 kwa siku, kiasi kilichokaribia sana posho ile ya mke wa Kifaransa kwa thamani ya sarafu ya siku zile, na kadi ya hariri haikuwa kitu cha bei rahisi. Jeshi lilimpa kadi yake ya bure, iliyochapwa sentensi za kukata kwa kalamu, kwamba yu mzima au yu hospitali, na akithubutu kuongeza neno lake mwenyewe kadi iliharibiwa. Si ajabu basi kwamba aliona heri ajinyime, anunue iliyo nzuri. Hakuiamini posta kuibeba uchi. Aliitia ndani ya bahasha pamoja na barua, na kwa sababu hiyo nyingi zilizobaki hazina stempu wala muhuri mgongoni, ila mistari michache ya penseli.

Wako watafiti walioshikilia kwamba mishono inafanana mno, hata haiwezekani iwe ya sindano ya mkononi, bali ni ya ile mashine ya sindano nyingi, iendeshwayo kwa nguvu za mkono, aliyoibuni Josué Heilmann wa Mulhouse miaka ya 1820. Hoja hiyo ina uzito, wala haiwapunguzii wafanyakazi heshima: mwenye kuiongoza mashine ile hakupumzika kuliko mwenye sindano moja.

Vita vilipokwisha mwaka 1918 wateja walirejea makwao, na kazi ikafifia. Ilifufuka kidogo mwaka 1939 majeshi ya Uingereza yalipokwenda tena Ufaransa. Mwezi wa Juni 1940 Ufaransa ikasalimu amri, na soko lile likakatika.