Deni la Zaïre lililouzwa, na frigo ya Mama

Bandugu na badada walisansié, mutanisamehe, juu mimi ni mtu wa agronomie, siyo wa histoire. Lakini jambo moja lilifika kwetu nyumbani, hapa Lubumbashi, likanifanya nisome hukumu za mahakama za mbali kwa bidii ambayo hata syllabus ya pédologie haikuipata.

Ilikuwa Jumamosi, mangaribi. Wanaume wawili waliingia mu parcelle na dosié ya rangi ya kijani. Walimusalimia Mama vizuri, wakakaa, wakakunywa maji. Kisha mmoja akasema: «Mama, tumekuja juu ya deni ya muzee.» Muzee, maana yake Papa, ambaye tulimuzika 2019. Mu 2017 alikopa dola 800 kwa koperative moja ya akiba. Aliikopa juu yangu: minerval, stage, na kuchapisha mémoire. Nilikuwa ninajua kama alikopa, sikujua kama hakumaliza. Alikuwa amelipa 350. Zilibaki 450, na ile karatasi ya kijani ilisema 1.640.

Mama aliwauliza: «Ninyi ni ba koperative?» Yule mwanaume akajibu bila haya: «Hapana Mama. Koperative ilifunga. Sisi tulinunua deni.» Na macho yake yalikuwa tayari kwenye frigo, na kwenye motopompe yangu ya kunyweshea lengalenga.

Tulinunua deni. Hilo neno lilinikatalia usingizi. Sikuwa ninajua kama deni la mtu aliyekufa linaweza kuuzwa sawa gunia ya mahindi. Baba mudogo, ambaye alifanya kazi miaka mingi mu umeme, alinicheka: «Wee, hata inchi yote ilifanyiwa hivyo. Tafuta kesi ya SNEL na ba Yougoslaves.» Njo hapo nilianza kusoma.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zaïre ilikuwa inakopa sana, na mabenki ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanakopesha kwa furaha, juu shaba ilikuwa na bei nzuri. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation. Maduka na mashamba ya wageni yakapewa watu ambao wengi wao hawakujua kuyaendesha. (Sisi wa agronomie tunajua mashamba ile yaligeuka nini.) Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Mu 1976 Zaïre ilikuwa tayari mbele ya Club de Paris, inaomba wakati wa kulipa. Mu 1978 FMI ikamutuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Banque du Zaïre achunge feza. Hakumaliza hata mwaka mzima vizuri. Mu 1982 alitoa ripoti iliyosema wazi kama wakopeshaji wasitegemee kurudishiwa feza zao, juu uchafu ulikuwa unaanzia juu kabisa.

Hapa mimi ninasimama kila mara. Walijua. Ripoti ilikuwa mezani, na bado mikopo ikaendelea, juu Mobutu alikuwa rafiki wa Magharibi wakati wa vita baridi. Koperative yetu angalau iliangalia fiche de paie ya Papa kabla ya kumupa zile 800.

Ndani ya miaka ile ya 1980, kampuni moja ya Sarajevo inayoitwa Energoinvest (wakati ule Sarajevo ilikuwa mu Yougoslavie) ilifanya mapatano na Zaïre na SNEL: kujenga vyombo vya umeme wa maji na line za haute tension. Kazi ilifanywa kwa mkopo: tujengee leo, tutalipa polepole. Inga II ilikuwa imemalizika mu 1982, na ile line kubwa ya Inga-Shaba, karibu kilometa 1.700, ilikuwa inaleta courant mpaka huku kwetu. Line hiyo inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha koroboi. Hiyo ni histoire ingine, lakini siwezi kupita bila kuisema.

Zaïre haikulipa. Sasa, mu vichwa vyetu tunazoea kuona mwenye kudai kama adui. Lakini Energoinvest haikuwa mwizi. Ilifanya kazi, na ba ingénieurs wake walitaka mishahara. Kisha Yougoslavie ikavunjika, Sarajevo ikazungukwa na vita tangu 1992, watu wakala njaa mule. Kampuni ya mji kama ule, kama inadai chake, mimi siwezi kuilaumu. Ilienda mbele ya waamuzi wa Chambre de commerce internationale, na mu 2003 wakatoa hukumu mbili: Congo na SNEL walipe. Kitambo riba haijapanda, ilikuwa kama dola milioni 30.

Ni hapa neno la yule mwanaume wa dosié ya kijani linaingia. Mu 2004 Energoinvest iliuza zile hukumu kwa kampuni ya Marekani, FG Hemisphere Associates, iliyoandikishwa Delaware. Kampuni hii haikuchimba hata shimo moja ya nguzo mu Congo. Kazi yake ilikuwa kununua karatasi ya deni ambayo mwenyewe amechoka kuifuata, kisha kuidai yote, na riba yote. Wafaransa wanawaita fonds vautours. Jina hilo mimi naona linaonea ndege. Yule ndege anakula kilichokufa. Hawa wanangojea mgonjwa apone kidogo, apate feza mu mfuko, njo wanakuja.

Na kweli Congo ilikuwa inapona. Mu Julai 2010 tulifika mwisho wa programu ya PPTE, na FMI na Banque mondiale zikatangaza kama deni la dola bilioni 12,3 linafutwa. Ninakumbuka nilikuwa bado mutoto wa école, bakubwa mu quartier walisema sasa mishahara itaongezeka. Lakini wakopeshaji wakubwa wakikusamehe, yule mmoja aliyekataa kusamehe anakuta njia wazi. Feza ambayo wengine waliacha, yeye anaifuata. Deni la FG lilikuwa tayari limepita dola milioni 100.

Waliifuata kila mahali. Washington, walitafuta kukamata nyumba mbili za Congo. Mahakama ya kule ikatuagiza tuonyeshe liste ya mali za serikali. Hatukuitoa, ikatupiga amende: dola 5.000 kwa juma, iwe inaongezeka mara mbili mpaka ifike 80.000 kwa juma. Hong Kong, walisikia kama China Railway iko tayari kulipa dola milioni 102 kwa serikali yetu, feza ya kuingilia mu mapatano makubwa ya mgodi kati ya ba Chinois na Congo. Wakaomba mahakama izuie feza hiyo njiani. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Hong Kong. Mu Juni 2011 waamuzi watatu juu ya wawili wakasema serikali ya inchi ingine haishitakiwi pale, lakini kwanza wakauliza Beijing. Beijing ikajibu mu Agosti, mahakama ikafunga mambo mu Septemba. Congo ikashinda.

Tulifurahi bila kuuliza sana. Kama serikali haikuweza kushitakiwa, njo kusema hata yule ingénieur wa Sarajevo angeenda Hong Kong asingepata kitu. Kinga hiyo haikuchagua kati ya fonds vautour na mfanyakazi.

Lakini kesi iliyonigusa zaidi ni ya Jersey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa, juu ile inaanzia hapa kwetu. Kila mtu wa Lubumbashi anajua ile terril nyeusi karibu na cheminée ya Gécamines. Ni takataka ya shaba ya miaka mingi, na ndani mlibaki cobalt. Kampuni ya GTL ilikuwa inaitumikisha, na alliage ilikuwa inaenda mpaka Kokkola, Finlande. GTL iliandikishwa Jersey, na Gécamines ilikuwa na asilimia 20 ndani yake. FG ikaenda Jersey ikasema: Gécamines ni ya serikali, basi Gécamines ni serikali, tupatieni sehemu yake ya GTL, na feza ambazo GTL inailipa.

Mahakama za Jersey zikakubali. Mara mbili. Fikirini: watu ambao hawajawahi kuona terril wanagawa feza ya terril juu ya line za umeme ambazo Gécamines haikuzikopea. Gécamines ikapanda mpaka Conseil privé, London, na tarehe 17 Julai 2012 hukumu ikageuzwa. Waamuzi walisema, kwa maneno yangu: serikali kuwa na mkono mzito juu ya kampuni haitoshi. Gécamines ina mali yake, vitabu vyake, wafanyakazi wake, kazi yake. Ili uichanganye na serikali, inafaa uonyeshe kama hakuna tofauti yoyote ya kweli kati yao. FG haikuweza.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshaweka sheria, mu 2010, ya kuzuia mnunuzi wa deni la zamani la inchi maskini kudai zaidi ya vile angepata kama angesamehe pamoja na wengine. Jersey nayo ikafuata nyuma.

Nilimaliza kusoma hayo usiku mmoja, courant ilikuwa imekatika kama kawaida, na nikaangalia frigo ya Mama. Frigo ile aliinunua yeye mwenyewe, na feza ya sucrés na maji baridi aliyouza mbele ya parcelle. Papa hakuweka hata franga ndani. Mama ni Gécamines ya nyumba yetu, nikamuambia asubuhi. Hakucheka.

Jumamosi iliyofuata wale wanaume walirudi. Baba mudogo alikuwapo. Akawauliza kwa sauti ya chini: «Batoto yangu, iko wapi titre exécutoire?» Tangu 2012 Congo iko mu OHADA, na kule huwezi kukamata mali ya mtu na dosié tu. Inafaa karatasi yenye nguvu ya mahakama, kisha huissier alete commandement, kisha siku 8 zipite. Wao walikuwa na acte de cession na picha ya sahihi ya Papa. Basi. Yule mkubwa wao akasema: «Muzee, sisi tuko mu kazi tu.» Baba mudogo akamujibu kama hata yeye alifanya kazi miaka 31, na hakubeba frigo ya mjane hata siku moja.

Kuwafukuza ilikuwa rahisi, na baba mudogo alipendelea hivyo. Lakini mimi sikuweza. Zile 800 zilikuwa za kweli. Diplôme yangu iko mu cadre pale salon. Na kufuata code de la famille, mimi mutoto njo héritier wa kwanza, siyo Mama. Kama deni liko, liko mlangoni pangu.

Jumatatu nikaenda mu biro yao na bordereaux za Papa, zote, mu saché moja aliyoifunga yeye mwenyewe na élastique. Nikaziweka moja-moja juu ya meza mpaka 350. Nikasema nitalipa 450, dola 50 kwa mwezi, na zile ingine waniletee mahakama. Yule mkubwa alihesabu mara mbili. Akasema atauliza patron wake.

Nimeshalipa mara tatu. Kila mara ninakataa kutoka mpaka waandike reçu kwa jina la Papa, na kiasi kinachobaki. Mama anaziingiza mu ile saché. Frigo alishaihamisha kutoka salon, iko mu chumba chake cha kulala, na wateja wa sucrés sasa wanangojea kidogo.