Jibwa la ng'ambo ya Mnazi Mmoja

Kwenye mageti ya Oysterbay na Masaki bado utakuta vibao vimeandikwa “Mbwa Kali”. Mwalimu wa Kiswahili angesahihisha palepale: mbwa mkali. Ila kosa hilo lina historia. Ni Kiswahili cha bwana na boi, cha kutoa amri bila kujali ngeli, na kinatukumbusha mbwa yule aliwekwa pale amzuie nani.

Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Waingereza wakauteka mji Septemba 1916, na kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umegawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi katikati, eti kwa sababu za afya. Kariakoo, iliyopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokufa kwa maelfu katika Vita Kuu ya Kwanza, ikabaki upande wa pili. Mbwa naye akagawanywa. Uzunguni alikuwa na jina, mkanda shingoni na bustani. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja aliitwa koko.

Wengi tunamaliza mjadala haraka: ni dini, basi. Kweli, kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Ina hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi. Na Surat al-Kahf inamtaja mbwa aliyelala kizingitini mwa pango la vijana wacha Mungu. Kwa hiyo swali la zamani halikuwa kama mbwa anastahili kuishi. Lilikuwa akae wapi.

Na hapo ndipo Kariakoo inapobana. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, ambako wapangaji wote walipika, walifua na kutawadha. Leo nyingi ya nyumba hizo zimevunjwa, yamepanda maghorofa, chini maduka, juu stoo na vyumba. Hata ule uani haupo tena.

Mwaka jana rafiki yangu anayeishi huko alitaka kumchukua jibwa mmoja chotara, nusu koko nusu mbwa wa polisi, ambaye wenye nyumba yao Masaki walikuwa wanahama nchi. Mama mwenye nyumba hakumfokea. Alimwambia tu, “Mwanangu, hii ngazi ni moja, na watu wanashuka alfajiri wana udhu zao.” Sioni jibu la haraka kwa neno hilo. Huruma yako isigeuke mzigo wa jirani.

Ila upande wa pili nao una uzito. Mbwa asiye na mtu katika mji huu maisha yake ni mafupi: gari, mawe, au risasi pale wilaya inapotangaza msako wa mbwa wazururaji. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Na wataalamu wanasema kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Mbwa mwenye mtu ndiye anayepelekwa kuchanjwa.

Mwishowe jibwa alivuka Mnazi Mmoja akapita moja kwa moja hadi yadi ya mbao Buguruni, kwa mzee mmoja mlinzi ambaye ni Mwislamu safi. Anamlisha dagaa na ugali kwenye sufuria lake peke yake, kibanda kiko mbali na mkeka wa kuswalia, na cheti cha chanjo kimebandikwa ukutani. Getini hakuna kibao.