Sukari ya paka: safari ya miaka mia moja kutoka maabara hadi jikoni

Shangazi yangu alinipigia simu usiku mmoja, na sikujua nicheke au nisikitike. "Mwanangu, wewe si ndiye unasomea mambo ya seli? Haya, Chui ana kisukari."

Chui ni paka wake, dume la miaka kumi na moja, mzembe kupindukia, ambaye enzi zake alifika kilo saba. Kwa wiki kadhaa alikuwa anamaliza bakuli la maji mara tatu kwa siku na kukojoa mpaka mchanga wake unageuka tope. Anakula vizuri tu, lakini mifupa ya mgongo inaanza kuhesabika. Daktari wa mifugo akampima sukari, ikasoma 24. Akampa shangazi njia mbili: sindano mara mbili kwa siku nyumbani, au sindano moja ya mwisho pale pale kliniki.

Shangazi mwenyewe anajichoma insulini, huu mwaka wa tisa, kwa hiyo sindano haimtishi. Alichotaka kujua ni kingine: "Haya mambo ya kumpima paka sukari nyumbani yametoka wapi? Ni kitu cha kweli, au ni fasheni ya watu wenye hela?" Nikamwambia nitasoma nimjibu. Jibu lenyewe limekuwa refu kuliko nilivyomwahidi, ndiyo maana nimelileta hapa.

Tuanze na mbwa. Mwaka 1889, kule Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lote, na mbwa yule akapata kisukari. Hapo ikajulikana kwamba ndani ya kongosho kuna kitu kinachotawala sukari mwilini. Kukipata kitu hicho kikiwa safi kulichukua zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best, kwenye maabara ya John Macleod mjini Toronto, walianza kushusha sukari ya mbwa waliotolewa kongosho kwa kuwachoma maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho la mbwa wengine. Januari 11, 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akachomwa. Haikumsaidia sana, dawa ilikuwa chafu mno. Mwanakemia James Collip akaisafisha zaidi, akachomwa tena Januari 23, na safari hii sukari ikashuka kweli.

Simulizi nyingi za insulini huishia hapo, kwa shangwe na Tuzo ya Nobel ya 1923. Kwangu mimi sehemu tamu ndiyo inaanza. Insulini haiponyi. Inachomwa leo na kesho na keshokutwa, na kila siku anayechoma lazima ajue achome kiasi gani. Ukizidisha, sukari inaporomoka na mtu anaweza kupoteza fahamu au kufa. Sasa nani atapima? Daktari hawezi kuhamia kwako.

Aliyelikamata suala hili mapema kuliko wengi ni Elliott Joslin wa Boston. Mwaka 1918, hata kabla insulini haijapatikana, alishaandika kitabu cha mwongozo kwa ajili ya daktari na mgonjwa pamoja. Insulini ilipofika, yeye na manesi wake walifundisha wagonjwa kupima mkojo wao wenyewe, kupanga chakula na kujichoma. Kipimo chenyewe kilikuwa cha jikoni hasa: unachukua dawa ya Benedict, maji ya buluu yenye madini ya shaba, unadondoshea mkojo, unachemsha. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakienda kijani, njano, mpaka rangi ya tofali, una kesi. Wengine tumefanya hivyo hivyo kwenye maabara ya sekondari bila kuambiwa kwamba kuna watu walioendesha maisha yao kwa rangi zile.

Paka yuko wapi katika haya yote? Yuko machinjioni. Kwa miaka sitini hivi insulini yote ya dukani ilitokana na makongosho ya ng'ombe na nguruwe, na hapo paka aliangukiwa na bahati ambayo hakuna aliyeipanga. Frederick Sanger wa Cambridge alitumia insulini ya ng'ombe kuonyesha, katika miaka ya 1950, mpangilio wa asidi amino zake zote 51. Wengine walipokuja kupanga ile ya paka, wakakuta inatofautiana na ya ng'ombe mahali pamoja tu. Ya binadamu inatofautiana na ya paka mahali pane. Yaani kwa upande wa insulini, Chui ni ndugu wa ng'ombe kuliko wa shangazi.

Bahati ile haikudumu. Mwaka 1982 ilianza kuuzwa insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria, na kidogo kidogo zile za ng'ombe zikaanza kutoweka madukani. Kwa watu zilikuwa habari njema. Kwa wenye paka, hasa Marekani katika miaka ya 1990, ilikuwa tabu: dawa iliyomfaa paka vizuri inaondoka kwa sababu wateja wakubwa, yaani sisi, hatuihitaji tena. Baadaye zilikuja insulini zilizosajiliwa kwa ajili ya paka, na madaktari wa mifugo wakagundua pia kwamba glajini, insulini ya binadamu inayofanya kazi taratibu, inamfaa paka vizuri tu.

Enzi hizo za zamani ziliacha mtego mmoja ambao bado uko, na nilimwambia shangazi kabla ya jambo lingine lolote. Zamani insulini ya watu ilikuja kwa nguvu tofauti, yuniti 40 au 80 kwa mililita, na watu wakawa wanachanganya mabomba ya sindano. Ndipo kuanzia miaka ya 1970 nchi moja baada ya nyingine ikahamia yuniti 100. Insulini nyingi za mifugo zilibaki 40. Sasa chukua dawa ya yuniti 100, ivute kwa bomba la 40 hadi alama ya 1: umevuta yuniti mbili na nusu. Kwa paka anayeanzia yuniti moja, hilo si kosa dogo. Bomba na chupa lazima viseme namba moja. Basi.

Turudi kwenye kupima, maana ndipo ugomvi ulipokuwa. Kwa miaka mingi paka alipimwa mkojo, kama watu wa Joslin. Kuanzia 1956 kulikuwa na vijiti vya kuchovya, hakuna tena kuchemsha. Lakini mkojo unachelewa kusema. Figo za paka huanza kumwaga sukari ikishafika kama 14 au zaidi kwenye damu, wakati za binadamu huanza kwenye 10 hivi. Na mkojo usio na sukari haukuambii kama damu iko 6 au iko 2. Sita ni raha, mbili ni hatari ya degedege.

Njia nyingine ilikuwa kumlaza paka kliniki kutwa nzima, anachomwa kila baada ya saa mbili, unachorwa mstari wa sukari yake. Sasa wewe umewahi kumpeleka paka kliniki? Kuna boksi, gari, mbwa wanabweka, mtu asiyemjua anamshika shingo. Paka mwenye hofu hupandisha sukari, hata asiye na kisukari, tena inapanda sana. Kwa hiyo ule mstari ulikuwa unachora hofu na ugonjwa kwa kalamu moja, na dozi ilikuwa inapangwa kutokana na huo.

Kwa binadamu, mapinduzi yalishaanza. Karibu na mwaka 1970 mashine ya kwanza ya kusoma sukari ya damu ilikuwa sokoni, nzito zaidi ya kilo moja, na ilikuwa ya hospitali na madaktari. Injinia mmoja wa Marekani mwenye kisukari, Richard Bernstein, aliipata kupitia mke wake aliyekuwa daktari, akaanza kujipima nyumbani mara kadhaa kwa siku. Alipoona wataalamu hawamsikilizi, akaenda kusomea udaktari akiwa na miaka zaidi ya arobaini. Mashine zilipokuwa ndogo na bei ikashuka, katika miaka ya 1980 kujipima nyumbani kukawa jambo la kawaida huko.

Ilibaki kujua utamtoboa paka wapi. Vidole hana. Mwaka 2000 Gerhard Wess na Claudia Reusch wa Chuo Kikuu cha Zürich walichapisha utafiti wa kuchukua tone la damu kwenye sikio, na kulisoma kwa vimashine vya mkononi. Sikio! Unalipasha moto kidogo, unatoboa pembeni, unapata tone. Miaka karibu themanini baada ya Leonard Thompson, mwenye paka akaweza kuona namba ya kweli paka akiwa amelala kwenye kochi lake.

Na hapo ndipo jambo la maana lilipojitokeza. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand, huyu wa pili wa Chuo Kikuu cha Queensland, walichapisha takwimu za paka 55 ambao wenye paka wenyewe, watu wa lugha ya Kijerumani waliokutana kwenye intaneti, waliwapima na kuwachoma glajini majumbani kwa mpango mkali, pamoja na chakula chenye wanga kidogo. Asilimia 64 ya paka wale waliacha kuhitaji insulini. Walioanza mpango ndani ya miezi sita tangu kugundulika ni asilimia 84. Waliochelewa zaidi ya hapo, 35. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na watu wenye bidii ya namna ile si watu wa kawaida, kwa hiyo namba hizi nazishika kwa mikono miwili. Hata hivyo pengo kati ya 84 na 35 si la kulipuuza.

Sababu yake inaeleweka. Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha aina ya pili kwa watu. Mwaka 1987 kundi la Per Westermark huko Uppsala lilionyesha kwamba uchafu unaojikusanya kwenye kongosho la mtu na la paka mwenye kisukari unatokana na protini ile ile. Sukari ikikaa juu muda mrefu, yenyewe inazichosha seli zinazotengeneza insulini. Ukiishusha mapema seli zinapumzika, na baadhi hurudi kazini.

Nikamweleza shangazi hayo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wiki hizi ndizo zenyewe."

Ugali kwa dagaa ukaondoka, dagaa na samaki wakabaki, tena kwa kushauriana na daktari, kwa sababu ukipunguza wanga ukaacha dozi ile ile sukari inaweza kuporomoka. Asali iko kabatini kwa ajili ya kumpaka kwenye fizi akianza kuyumba, halafu mbio kwa daktari. Insulini yake inakaa friji moja na ya shangazi, chupa mbalimbali, na umeme ukikatika kwa muda mrefu zote mbili zinahamia kwenye mtungi. Majirani wamesema sana. Mmoja alimuuliza usoni kama haoni vibaya kununulia paka dawa ambayo kuna watoto wanaikosa. Alijibu kwamba anaona vibaya, na saa moja jioni ilipofika akamchoma.

Mara ya kwanza kumpima nyumbani Chui alisoma 15, shangazi akashangilia kwamba 24 ilikuwa hofu tu. Nikampunguzia furaha: kimashine cha binadamu husoma chini kwa damu ya paka, kwa kuwa sukari ya paka imegawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Vipo vilivyorekebishwa kwa wanyama. Sehemu ilikuwa hofu, sehemu mashine. Sasa daktari na yeye wanasoma namba za kimashine kimoja, hawachanganyi.

Siku hizi kuna hata vidonge. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu cha kwanza cha paka, kinachofanya figo zimwage sukari. Mzizi wake ni floridzini, kitu kilichotolewa kwenye magamba ya mti wa tufaa mwaka 1835, na aliyeonyesha kwamba kinamwaga sukari kwenye mkojo, mwaka 1886, ni von Mering yule yule wa mbwa. Lakini hakimfai kila paka. Aliyewahi kutumia insulini hapewi, na wengine hupata sumu ya ketoni hata sukari ikionekana nzuri. Chui ameshakosa sifa.

Shangazi ana daftari la kurasa mbili mbili: kushoto sukari yake, kulia ya Chui. Leo ni wiki ya saba. Asubuhi amenitumia picha ya ukurasa. Yeye 9.8. Chui 7.1, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: sijachoma, nasubiri daktari apokee simu.