Ardhi Tupu ya Bonde la Lambwe

Mwaka 1950 walimwengu walikuwa kiasi cha milioni 2,500. Mwaka 2022 walitimia milioni 8,000. Katika Kenya, hesabu ya mwaka 1948 ilipata watu milioni 5 na zaidi, na ile ya 2019 ilipata milioni 47. Watu wengi, watazamapo ramani, husema kuwa nchi zenye watu wachache na ziwapokee wale wa nchi zilizojaa. Shauri hili ni jepesi kutamka. Lakini kabla ya kulikubali, hatuna budi kuuliza: ardhi hiyo imekosa watu kwa sababu gani?

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam, kusini ya Kisumu, si mbali na Homa Bay, liko Bonde la Lambwe. Lina udongo mzuri na majani tele. Walakini, wakati Maragoli, kaskazini ya Kisumu, mashamba yalipokuwa yakigawanywa vipande vipande baina ya ndugu, sehemu kubwa ya bonde hili haikuwa na hata moshi wa jiko. Aliyelitawala ni mbung'o.

Karibu na mwaka 1900 ugonjwa wa malale ulizuka Busoga, ukaenea pwani za ziwa. Yakisiwa kuwa katika Uganda peke yake uliua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903, huko Entebbe, David Bruce alionyesha kuwa mwenye kuuchukua ni mbung'o. Nzi huyu hupenda kivuli cha vichaka. Basi mtu alipohama, shamba lake liligeuka kichaka. Kichaka kilipositawi, mbung'o aliongezeka. Na mbung'o alipoongezeka, jirani naye alihama.

Katika miaka ya 1950 serikali ilifyeka vichaka vya Lambwe, na watu kutoka sehemu zilizosongamana wakapewa mashamba. Walilima, wakafuga, wakazaa. Hata hivyo adui hakuondoka kabisa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalirudi, na vita ikaanza upya kwa dawa na mitego. Sehemu ya bonde ilitengwa mwaka 1966 kwa ajili ya wanyama, nayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma.

Methali yasema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Vivyo hivyo, ukiona nchi inakaliwa, jua kwamba imetengenezwa. Mwaka 2019 Vihiga ilikuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilometa ya mraba, na Marsabit watu 6 tu. Asidhani mtu kuwa Marsabit yangoja wageni: mvua yake ni haba, na malisho yake yana wenyewe, wahamao na mifugo yao. Atakaye kupeleka watu mahali patupu, na atangulize maji, dawa na barabara, na kwanza kabisa abishe hodi kwa wenyeji.