Makuba ya Bwana Sinclair

Barabara ya Kaunda, mjini Unguja, ina majengo matatu yaliyotoka katika kalamu ya mtu mmoja: Ikulu ya mwaka 1903, Mahakama Kuu ya 1908 na Beit el Amani, makumbusho yaliyofunguliwa 1925. Ongeza na Posta ya Shangani ya 1906. Mtu huyo ni John Houston Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu majengo, akaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kutumikia ubalozi wa nchi yake, na akaishia kuwa Resident wa Uingereza, kuanzia 1922 hadi 1924. Aliyewachorea wakubwa nyumba, mwisho naye akawa mkubwa.

Ulaya walikuwa na cheo cha namna hii: msanifu wa kasri. Balthasar Neumann, aliyezaliwa 1687, alianza kwa kusubu kengele na mizinga, akaja kuwajengea maaskofu watawala wa Würzburg kasri lao, na Wajerumani wakamtia sura yake kwenye noti ya marki 50. Neumann alijua bwana wake ni nani. Sinclair alilikuta kasri lenye mabwana wawili: Sultani aliyekalia kiti, na Mwingereza aliyesimama nyuma ya kiti.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba ya Sultani yaliyo ufukweni kwa muda usiofika saa nzima, ili Khalid bin Barghash aondoke. Beit al-Hukm halikusimama tena. Utawala uliokwisha kuonyesha mizinga yake hadharani ukahitaji sura ya pili, ya upole, na nadhani hapo ndipo Sinclair alipofaa. Hakujenga London ndogo. Alichora makuba, matao yenye umbo la kwato ya farasi, vibaraza vyenye nguzo. Mtu akipita aone jengo la Kiislamu, ingawa hakimu aliyekaa ndani ni Mwingereza.

Tatizo ni kwamba Uislamu huo wa mawe si wa kwetu. Nyumba kubwa za Mji Mkongwe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, uso mtupu, ua katikati, baraza nje. Urembo wote umemalizikia mlangoni. Upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Misikiti mingi ya zamani haina hata mnara. Makuba ya Sinclair yalitoka Istanbul, Morocco, Andalusia, popote pale ila hapa.

Na mifano ya hapa haikuwa imefichwa. Mimi natoka Wingwi, kaskazini mwa Pemba, na si mbali na kwetu kuna magofu ya Chwaka, karibu na Tumbe. Mji ule uliishi kati ya karne ya 11 na ya 16, ukajenga misikiti minne ya mawe huku watu wenyewe wakilala katika nyumba za miti na udongo. Jiwe waliliweka kwa Mungu na kwa makaburi. Francis Pearce, Resident aliyemtangulia Sinclair, aliyaandika magofu ya Pemba katika kitabu chake cha 1920 kuhusu Zanzibar. Yaani habari zake zilikuwa zimekwisha kuchapwa, tena na bosi wake, kabla Beit el Amani haijafunguliwa.

Hata hivyo siwezi kujidai kuwa nalichukia Beit el Amani. Ni jengo zuri. Jeupe, la pembe sita, na asubuhi makuba yake hukaa juu ya miti ya Mnazi Mmoja kama mayai kwenye kiota. Kinachonikera ni jina kubaki moja. Chokaa ile kuna mtu aliyeichoma, kuna aliyeitwanga, kuna aliyelipanda tao kulipiga lipu, na hakuna hata mmoja aliyebandikwa kwenye noti.

Halafu kuna suala la fedha. Mhimili wa hazina ya serikali ile ulikuwa ushuru wa karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba. Kwetu Wingwi mikarafuu haistawi vizuri. Ni upande wa maweni, jembe likishuka hugonga jiwe. Kwa hiyo msimu ukifika watu hufunga mizigo wakaelekea magharibi ya kisiwa, kwenye vilima, kuchuma. Wanapanda juu na vikapu, jioni wanakaa kwenye majamvi kuchambua vikonyo, na hulipwa kwa pishi. Karafuu zilizokauka zilitiwa magunia, zikapakiwa majahazini kwenda Unguja, zikashushwa bandarini Malindi. Kutoka hapo hadi Posta ya Shangani ni mwendo wa miguu tu.